Nani anaubeba mzigo? Historia ya shanta, sufu na baridi kutoka St Marys hadi Kilimanjaro

Kitongoji cha St Marys, magharibi mwa jiji la Sydney, hakitajwi sana katika vitabu vya safari. Hata hivyo hapo ndipo ilipoanzia mojawapo ya safari mashuhuri za Australia. Katika makala haya ya historia tunaufuata mzigo wa msafiri kutoka hapo hadi Bagamoyo na Kilimanjaro, na tunauliza ni nani hasa aliyeufanya uwe mwepesi.



Mtu anayejiandaa kupanda mlima au kutembea porini kwa siku kadhaa hukabiliwa na maswali matatu. Je, vitu vyangu vina uzito gani? Je, vitanitia joto usiku? Na je, nitakuwa na raha navyo njiani? Maswali haya yanagombana. Blanketi nene huleta joto lakini huelemea. Hema pana huleta raha lakini humaliza nguvu kabla ya adhuhuri. Duka lolote la vifaa vya safari huishi kwa kuuza suluhu ya ugomvi huo.

Lakini historia inatufundisha kwamba kuna swali la nne lililotangulia hayo yote, nalo ni hili: nani anabeba?

Safari ya tarehe 11 Mei 1813

St Marys iko kiasi cha kilomita 45 magharibi mwa kitovu cha Sydney, kandokando ya kijito kiitwacho South Creek. Zamani mahali hapo palijulikana kwa jina la kijito hicho. Jina la sasa linatokana na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1830. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Nepean, inaonekana milima ya Blue Mountains, ambayo kwa miaka 25 ya mwanzo ya ukoloni Waingereza walishindwa kuivuka.

Jumanne ya tarehe 11 Mei mwaka 1813, mabwana watatu, Gregory Blaxland, William Lawson na William Charles Wentworth, waliondoka katika shamba la Blaxland hapo South Creek. Shajara ya Blaxland, iliyochapishwa London mwaka 1823, inataja msafara wenyewe kwa muhtasari: mabwana watatu, watumishi wanne, mbwa watano, na farasi wanne waliobebeshwa chakula, risasi na mahitaji mengine. Mbwa wamehesabiwa na farasi wamehesabiwa. Watumishi nao wamehesabiwa, bila ya majina.

Baada ya siku chache ilidhihirika kuwa mzigo una njaa yake. Juu ya mgongo wa milima hapakuwa na malisho, hivyo farasi walilazimika kubebeshwa pia majani ya kula wao wenyewe, juu ya mizigo waliyokuwa nayo. Farasi mmoja alianguka kwa uchovu, na shehena yake ikahamishiwa kwa wenzake. Mwishoni mwa mwezi Mei, walipofika upande wa pili na kuona mbuga za majani, chakula kilikuwa karibu kwisha, nguo na viatu vyao vilikuwa vimechakaa vibaya, na wote walikuwa wakiugua matumbo. Tarehe 6 Juni walikuwa wamerejea majumbani. Kila mmoja wa mabwana watatu alizawadiwa ekari 1,000 za ardhi.

Msikilizaji, milima hiyo haikuwa mitupu. Wadarug wa uwandani na Wagundungurra wa milimani walikuwa wakiipita tangu enzi na enzi, bila ya farasi. Huku kusini mashariki mwa Australia, vazi la baridi la wenyeji lilikuwa joho la ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini mwenye manyoya mazito. Ngozi nyingi zilishonwa pamoja kwa nyuzi za mishipa ya kangaruu, na upande usio na manyoya ulikwaruzwa kwa mistari ili ulainike. Mchana lilikuwa vazi, usiku likawa blanketi, na mama alimbebea mtoto humo. Kitu kimoja kilifanya kazi tatu. Hiyo ndiyo hekima ambayo wauzaji wa vifaa vya safari wa zama zetu huitangaza kana kwamba imegunduliwa jana.

Sufu ya Mamre

South Creek inahusika pia na historia ya joto. Karibu na St Marys liko shamba la Mamre, lililokuwa mali ya kasisi Samuel Marsden. Huko alifuga kondoo kwa ajili ya sufu, wakati ambapo walowezi wengi walijali zaidi nyama. Alipokwenda Uingereza mwaka 1807 alichukua sufu yake, ikafumwa na kushonwa suti. Inasimuliwa kwamba Mfalme George wa Tatu aliipenda mno nguo hiyo, hata akamzawadia Marsden kondoo wa aina ya merino.

Sufu ya merino ingali inauzwa leo kwa bei kubwa kama vazi la ndani la wapanda milima, na sababu yake ni ya kisayansi. Nguo haitengenezi joto. Joto hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kuzuia hewa iliyopashwa moto isiondoke. Maji yanapoingia mahali pa hewa hiyo, hupitisha joto kiasi cha mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Hii ndiyo maana shati la pamba lililolowa jasho ni adui mkubwa mlimani, kwa kuwa pamba hunywa maji, hushikamana na ngozi na huchelewa kukauka. Sufu inaweza kufyonza unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake na bado ikabakiza joto. Manyoya ya bata ndiyo yanayoongoza kwa joto kulingana na uzito, lakini yakilowa hunywea na kupoteza kazi yake yote.

Theluji ya Kilimanjaro na frasila mbili

Sasa tuvuke Bahari ya Hindi. Miaka 35 kamili baada ya msafara wa Blaxland, tarehe 11 Mei mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Rebmann anakumbukwa kwa kusafiri na mwavuli. Wataalamu wa jiografia wa London walimkejeli, wakisema theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Wachaga hawakuhitaji kuthibitishiwa. Rebmann mwenyewe aliandika simulizi aliyoipata huko, kwamba zamani mtawala mmoja wa Machame aliwatuma watu wakachunguze kile kitu cheupe, na mmoja tu ndiye aliyerudi, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

Katika zama hizo hizo, njia kuu ya bara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilikuwa ikipitishwa mabegani mwa wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na safari ya pwani ilikuwa heshima kwa kijana. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Mnyamwezi alibeba begani, watu wa pwani walipendelea kichwani juu ya ngata, na Mkikuyu alibeba mgongoni kwa mkanda upitao kipajini.

Angalia sasa tofauti ya vifaa. Richard Burton alipoondoka pwani na John Hanning Speke mwaka 1857, shehena yake ilikuwa na vitanda, viti, meza, chupa za brandi na sigara. Henry Morton Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874, alikuwa na mashua nzima, Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe na watu. Mashua hiyo ilivuka bara kwa mabega ya wapagazi pale ambapo maji hayakuwepo, mpaka ilipoachwa mwaka 1877 karibu na maporomoko ya mto Kongo.

Na mpagazi, yeye alichukua nini kwa ajili yake mwenyewe? Kidogo kabisa. Wenzi wa kundi moja walichangia chungu kimoja. Ngozi ya mbuzi ilikuwa vazi na tandiko. Burton aliona jambo lililomshangaza: mvua iliponyesha, wapagazi waliivua ngozi hiyo, wakaikunja na kuiweka kati ya bega na mzigo. Mgeni angeweza kudhani huo ni upumbavu. Kumbe lilikuwa chaguo la mtu anayejua usiku unakuja. Mwili ukilowa utakauka kwa moto, lakini tandiko likilowa hakuna usingizi. Hata leo kanuni ya kwanza ya mpanda mlima ni hiyo hiyo: kitu cha kulalia kisilowe kwa hali yoyote.

Kwa hiyo, msikilizaji, wepesi ulikuwepo katika misafara ya Afrika Mashariki. Ulikuwa kwa yule aliyebeba. Aliyeamua nini kibebwe hakuwa na sababu ya kuupunguza uzito, kwa kuwa haukuwa ukimwuma bega lake.

Mwisho mchungu wa utaratibu huo ulionekana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya kikoloni yaliwachukua mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki na Kati, wengi kwa lazima, wabebe chakula na risasi. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, malaria na kichomi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika ramani za miji yetu miwili mikubwa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Wengi hununua na kuuza hapo kila siku bila kukumbuka kwamba wanalitamka jina la mzigo.

Sydney na mzigo wa kujibebea

Turudi Australia. Baada ya dhahabu kugunduliwa karibu na Bathurst mwaka 1851, barabara ya magharibi ipitayo South Creek ilijaa watu wanaotembea na furushi la blanketi mgongoni. Baadaye, katika miaka ya shida ya kiuchumi, vibarua walizunguka mashamba kwa mtindo huo huo wakitafuta kazi. Hawa hawakuwa na watumishi, wala farasi.

Reli ilipita South Creek katika miaka ya 1860 na kuendelea milimani. Hivyo mfanyakazi wa Sydney aliweza kupanda treni siku ya mwisho wa juma, akapita St Marys, akateremka Katoomba au Blackheath, kwenye kimo cha mita 1,000 na zaidi juu ya bahari. Mwaka 1914 Myles Dunphy na wenzake waliunda chama cha watembea porini kiitwacho Mountain Trails Club. Mwaka 1927 kikaundwa Sydney Bush Walkers, kilichopokea wanaume na wanawake. Watu hawa walikuwa na siku mbili tu, mshahara wa kawaida, na migongo yao wenyewe. Kila ratili waliihisi.

Mmoja wao alikuwa Frank Pallin, Mwingereza aliyehamia Australia katika miaka ya 1920 na kujulikana kwa jina la Paddy. Mwaka 1930, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, alipoteza kazi. Alianza kushona vifaa vya safari nyumbani kwake na kuwauzia watembeaji wenzake. Mahema yake yalikuwa ya kitambaa chembamba cha pamba kilichotiwa dawa ya kuzuia maji. Mshonaji, muuzaji na mbebaji walikuwa mtu yule yule, na kasoro ya hema aliijua yeye kwanza, usiku, kwenye mvua.

Mfano huo unajirudia duniani. Nchini Norway, Ole Bergan alibuni shanta lenye fremu iliyofuata umbo la mgongo, akalisajili mwaka 1909. Huko California mwaka 1952 Dick Kelty na mkewe walianza kutengeneza nyumbani mashanta yenye fremu ya alumini, na mkanda wa kiunoni ukahamisha uzito kutoka mabegani hadi nyongani. Naye George Finch, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mji wa Orange, mbele ya Bathurst kwenye njia ile ile ya magharibi, alikwenda Everest mwaka 1922 na koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya laini ya bata. Wenzake, waliovaa sufu na koti za kawaida za Kiingereza, walimcheka. Kicheko hicho hakikudumu, kwani Finch na Geoffrey Bruce walifika kimo cha mita 8,300 hivi, wakitumia oksijeni, kimo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifikia kabla yao.

Akina mama wa Nairobi na elimu ya mwendo

Lakini tusidhani kwamba elimu ya mizigo ni ya viwandani peke yake. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini. Watafiti walipima hewa waliyoivuta wakitembea. Waligundua kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada, jambo ambalo askari wenye mashanta hawakuliweza. Tafiti za baadaye katika sehemu nyingine za Afrika hazikupata zote matokeo hayo hayo. Hata hivyo kiwango hicho, moja ya tano ya mwili, ndicho kinachotajwa mara nyingi leo kama mpaka wa mzigo wenye raha. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 14.

Mizani ya lango la mlima

Mwezi Oktoba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro. Katika kambi ya juu, kwenye uwanda kati ya Kibo na Mawenzi, alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mzaliwa wa pwani yenye joto. Vitabu vingi huwataja wawili tu.

Kilele hicho kina kimo cha mita 5,895. Kwa wastani joto la hewa hushuka kwa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Anayetoka mjini Moshi hadi kileleni hupoteza zaidi ya nyuzi 30 katika siku chache. Mgeni hupanda akiwa na koti la manyoya ya bata, fuko la kulalia la baridi kali na buti zisizopitisha maji, navyo vyote vimechaguliwa kwa miezi. Mbele yake hutembea mpagazi aliyebeba hema la mgeni huyo, chakula, majiko na wakati mwingine meza na viti. Shehena ya Burton haijatoweka kabisa.

Kanuni za hifadhi zinaweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, mbali na vitu vyake binafsi, na mizigo hupimwa kwenye malango ya mlima. Ukilinganisha na frasila mbili za Bagamoyo, hayo ni mafanikio. Lakini mizani hupima mzigo tu; haipimi unene wa sweta la anayeubeba. Wapo wapagazi waliokufa kwa baridi katika mlima ambao watalii huufikia kwa mavazi ya fahari. Kwa sababu hiyo, mwaka 2003 lilianzishwa mjini Moshi shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo pamoja na kufuatilia malipo na hali za wapagazi, huwaazima bila malipo mavazi ya baridi yaliyotolewa na wasafiri.

Kumbe suluhu iko hapo hapo mlangoni. Koti likifanya kazi kwa siku saba mwilini mwa mgeni na kisha likae kabatini Sydney au Berlin miaka kumi, limepoteza maisha yake. Hata masoko ya mitumba ya Moshi yana sufu nzuri kuliko fulana mpya ya pamba, kwa anayejua kuipapasa na kuchagua.

Mashauri kwa msafiri

Historia hii inamwachia msafiri mashauri machache. Usianze kwa kununua shanta. Kusanya vitu kwanza, uvipime, ndipo utafute shanta la kuvitosha, kwa sababu shanta kubwa hujazwa daima. Vitu vitatu hubeba sehemu kubwa ya uzito, navyo ni hema, vifaa vya kulalia na shanta lenyewe, hivyo punguza huko kabla ya kukata mpini wa mswaki. Usisahau godoro jembamba la chini, kwani manyoya yaliyolaliwa hubonyea na baridi ya ardhi hupita. Uzito wa mguuni huchosha mara kadhaa kuliko ule wa mgongoni, kwa hiyo buti nzito si ushujaa. Vaa tabaka jembamba juu ya jembamba, uvue kabla ya kutoka jasho na uvae kabla ya kutetemeka.

Na ikiwa mtu mwingine atakubebea, jaribu jambo moja la ziada. Kabla ya kufunga mzigo, uinue mwenyewe, upande nao ngazi za nyumba yako mara kumi. Kisha uliza aliyeajiriwa kuubeba atalala na nini usiku wa mwisho, chini ya kilele.

Leo katika vitongoji vya magharibi mwa Sydney wanaishi pia watu waliotoka Afrika, na baadhi yao waliwahi kutembea na mizigo kichwani wakikimbia vita, si kwa burudani. Mtu kama huyo hahitaji kuelezwa na muuza duka tofauti ya kilo tatu na kilo mbili, kwani shingo yake inaijua. Anapopanda treni kwenda milimani siku ya mapumziko, na shanta jepesi mgongoni, anabeba kwa hiari yake alichokichagua mwenyewe. Wapagazi wa Bagamoyo hawakuipata raha hiyo, na wale wa Kilimanjaro wanastahili angalau nusu yake.